Bwana, Sikiliza Sauti Inayotoka Nyuma



Leo nawapeleka mbali na parokia zetu, hadi jimbo la Minnesota huko Marekani, ambako dada yangu mdogo anaishi na bwanake na watoto wao watatu. Walipokuja nyumbani Krismasi iliyopita, kila mmoja alinisimulia kisa hiki kwa wakati wake, na wote wawili wameniruhusu nikiandike. Aliponisimulia shemeji nilicheka. Aliponisimulia dada sikucheka.

Jambo lenyewe ni trela. Msifikirie yale matrela ya kubeba miwa. Hili ni nyumba ndogo juu ya magurudumu, urefu wake kama mita 7, lenye kitanda cha wazazi, jiko la gesi, choo, na meza ambayo usiku hugeuzwa kitanda cha watoto. Halina injini. Hufungwa nyuma ya pikapu na kuvutwa, na familia nyingi za huko huenda nalo kupiga kambi shule zikifungwa wakati wa joto.

Shemeji alilinunua likiwa limetumika, kwa dola 9,000. Fedha hizo zilitoka katika akiba ya wote wawili, na sehemu kubwa dada alikuwa ameiweka kwa kufanya kazi za usiku, ili arudi chuoni amalize masomo ya uuguzi. Hakuulizwa. Alirudi asubuhi kutoka kazini akalikuta uani, watoto wakiingia na kutoka kwa shangwe. Shemeji aliniambia kwamba alitaka kuwashangaza. Naam, aliwashangaza.

Dada hakupiga kelele, alinyamaza. Sisi wanaume tunapenda sana kuamini kwamba mke akinyamaza amekubali. Mimi mwenyewe niliwahi kuuza ndama bila kumwambia mama watoto, na kwa majuma mawili nikawa nasifu utulivu wa nyumba yangu, mpaka nilipogundua kwamba nakula peke yangu.

Safari yao ya kwanza, mwezi wa Julai, ilikuwa kwenda Itasca, hifadhi yenye ziwa ambamo mto Mississippi unaanzia. Ni mwendo wa kilomita 350 hivi kutoka kwao. Walipokuwa wakipakia, dada alisema mizigo mizito isirundikwe nyuma. Alikuwa amesoma kijitabu cha trela. Kijitabu kilieleza kwamba walau sehemu moja ya kumi ya uzito wa trela yapaswa kulalia pale linaposhikana na pikapu, na kwamba mkia ukilemewa, trela huyumba. Shemeji akajibu kwamba yeye ameendesha magari tangu ujana wake.

Huko barabarani lori kubwa likawapita kwa kasi. Upepo wake ukalisukuma trela, nalo likaanza kupiga mkia kushoto na kulia kama mamba, likiivuta pikapu. Dereva akikanyaga breki kwa nguvu hapo, aweza kuipindua familia nzima. Dada akasema polepole, "Baba, toa mguu kwenye mafuta. Shika usukani wima. Liache lipunguze mwendo." Safari hii alisikia. Wakasimama kando, wakahamisha mizigo bila kusemezana, kitinda mimba akilia.

Mngedhani hapo somo limeingia. La hasha.

Walipofika kambini ilibidi trela lirudishwe kinyumenyume kati ya misonobari. Kurudi nyuma na trela ni kinyume cha mazoea: ukizungusha usukani kulia, mkia unakwenda kushoto. Tena dereva haoni kilicho nyuma, kwa maana ukuta wa trela umemziba. Kwa hiyo dada alisimama nyuma amwongoze. Akaita, "Kushoto!" akimaanisha mkia uende kushoto. Shemeji akazungusha usukani kushoto. Mkia ukaenda kulia, ukagonga mti, taa ikavunjika. Akashuka akamtukana mkewe mbele ya watu waliokuwa wameketi nje ya matrela yao wakitazama. Neno alilotumia silirudii katika ukurasa huu.

Nilipofika hapo nilimkumbuka Akwila na mkewe Prisila, katika Matendo ya Mitume, sura ya 18. Kazi yao ilikuwa kushona mahema, na Mtume Paulo alikaa kwao akafanya kazi pamoja nao. Ajabu ni kwamba Maandiko hayamtaji mmoja wao bila mwenzake hata mara moja. Na walipomsikia Apolo akifundisha kwa bidii huku elimu yake ikiwa na upungufu, hawakumwaibisha mbele ya watu. Walimchukua kando, wakamweleza. Ikiwa walimtendea hivyo mgeni, je, mke wako?

Usiku ule mvua ilinyesha. Kwao nyumbani wakigombana, mmoja hushuka kutazama mpira na mwingine hupanda chumbani, na asubuhi kila mtu huenda kazini. Katika trela hapakuwa na pa kukimbilia. Watoto walilala hatua tatu tu kutoka kwao, basi ilibidi wanong'one, na ni vigumu kutukana kwa mnong'ono. Dada akasema, "Si taa iliyovunjika. Ni kwamba hukuniuliza." Shemeji alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu yeyote: aliogopa. Aliogopa kwamba mkewe akimaliza chuo atapata mshahara mkubwa kuliko wake, naye atakuwa mgeni nyumbani kwake mwenyewe.

Dada alilia. Hakumwambia kwamba yamekwisha, kwa sababu hayakuwa yamekwisha.

Asubuhi wazee wawili majirani, bwana na bibi, waliwaita kwa kahawa wakawafundisha. Dereva ashike usukani kwa chini. Upande mkono unakokwenda, ndiko mkia unakokwenda. Anayeongoza asiite kushoto wala kulia, anyooshe mkono tu. Na kubwa kuliko yote: dereva asipomwona mkewe katika kioo, asimamishe gari papo hapo. Walifanya mazoezi saa nzima katika uwanja mtupu wa kuegesha magari.

Wewe unayesoma huenda huna trela. Lakini una shamba, una mkopo wa ushirika, una karo ya kifungua mimba. Jumapili hii, baada ya Misa, muulizeni kila mmoja mwenzake: ni jambo gani nimelirudisha nyuma bila kukuona katika kioo? Anayeulizwa ajibu kwa sauti ya chini, kana kwamba watoto wamelala karibu.

Trela bado wanalo. Shemeji anafanya kazi ya ziada kila Jumamosi kurudisha zile dola, na akiba haijafika nusu. Dada amejiandikisha kwa somo moja badala ya manne. Ananiambia kwamba ziko siku bwanake huanza kuzungusha usukani kabla hajanyoosha mkono. Siku hizo yeye husogea pembeni ya kioo, asionekane, na kungoja pikapu isimame.