Nani Ana Haki ya Kusimamisha Mashine?

Karibu kila mashine kubwa ya kiwandani ina kitufe chekundu, kinene kama uyoga, kilichowekwa kwenye kibao cha manjano. Kuelewa kazi yake hakuhitaji digrii. Ukikigonga, mashine inasimama. Kimetengenezwa kiwe kikubwa makusudi ili hata mtu aliyepagawa, mkono mmoja umenaswa, aweze kukipiga kwa kiganja au kwa kiwiko.

Kiufundi basi, swali la nani anaweza kusimamisha mashine lilijibiwa zamani: yeyote aliye karibu nayo. Lililobaki ni la maadili. Nani ana haki ya kuisimamisha? Na ukiisimamisha saa nane usiku, shifti ikiwa nyuma ya tageti na supavaiza amekunja uso, kesho utaruhusiwa kupita getini?

Tunapoongea kuhusu mashine, mjadala wetu huwa mmoja tu: roboti zitachukua kazi zetu ama hazitachukua? Ni swali halali. Lakini linaruka lingine linalokuja kabla yake, yaani mtu ana nafasi gani ndani ya mfumo akiwa bado yuko ndani. Jibu la hilo la pili ndilo huamua jinsi la kwanza litakavyoishia.

Hebu tuanze na msingi. Mfumo wa uzalishaji ni mpangilio wa watu, mashine, malighafi na muda. Nenda Kamukunji, kwa mafundi wa jua kali. Fundi anakata bati, anakunja, anagonga, na jioni ana masanduku kadhaa na karai mbili. Kasi ni yake. Akitaka kusimama anywe chai, nyundo inalala. Ukienda kwa mwokaji mikate, kazi inakwenda kwa mafungu: unga unakandwa, unaumuka, unaingia ovenini, halafu fungu lingine linafuata. Kwenye kiwanda cha soda, chupa zinapita kwenye mkanda bila kukoma, na kila mtu anasubiri chupa imfikie. Mwisho kuna viwanda vya mtiririko, kama sementi pale Athi River. Tanuri linachoma mawe kwa joto la nyuzi 1,450 hivi, mchana na usiku, na kulizima ni hasara ya siku kadhaa.

Ukipanda ngazi hiyo, kitu kimoja kinabadilika polepole. Kamukunji, mtu ndiye anaamua mwendo wa chombo. Kwenye mkanda, chombo ndicho kinaamua mwendo wa mtu.

Otomesheni inaongeza tabaka juu ya hapo. Ukiifungua ndani, ni mambo matatu tu: sensa inayoona, kidhibiti kinachoamua, na mota au silinda inayotenda. Chupa ikipita bila kifuniko, sensa inatuma ishara, kidhibiti kinalinganisha ishara hiyo na maagizo yake, na mkono wa chuma unaisukuma chupa nje. Kuona, kuamua, kutenda. Ukisoma maneno hayo tena utagundua kwamba ndiyo yale tunayoyatumia kumweleza binadamu anayewajibika. Hapo falsafa inaingia kiwandani, hata kama hakuna aliyeialika.

Henry Ford alipoanzisha laini yake ya mkanda kule Highland Park, Michigan, mwaka 1913, muda wa kuunganisha fremu ya gari moja ulishuka kutoka kama saa 12 na nusu hadi karibu dakika 93 katika muda wa miezi michache. Hesabu hiyo ilibadilisha dunia. Lakini watu waliokuwa kwenye laini walikuwa wakiacha kazi kwa wingi. Kukaza nati ileile siku nzima, kwa kasi uliyowekewa na mtu usiyemwona, kulikuwa kunawachosha mpaka roho. Januari 1914, Ford alitangaza malipo ya dola tano kwa siku, karibu mara mbili ya kawaida ya wakati huo. Watu walifurika. Aliwalipa vizuri wavumilie laini, lakini hakuwapa neno lolote kuhusu laini yenyewe.

Kule Japani kulikuwa na mtoto wa seremala aliyeitwa Sakichi Toyoda, aliyetumia maisha yake kuboresha mashine za kufuma nguo. Tatizo alilokuwa nalo ni hili: uzi ukikatika, mashine inaendelea kufuma, na kitambaa kinatoka na kasoro mpaka mtu agundue. Kwa hivyo ilibidi mtu akae pale akiikodolea macho mashine, kama mlinzi wa mashine. Toyoda alitengeneza mashine inayosimama yenyewe uzi unapokatika, na ile ya mwaka 1924 ndiyo iliyompa jina. Mfumaji mmoja sasa angeweza kusimamia mashine nyingi, kwa sababu mashine nzima haikuhitaji kutazamwa. Ile yenye tatizo ndiyo iliyoita.

Kampuni ya magari ya Toyota, iliyotokana na familia hiyo, ililichukua wazo hilo ikalipeleka kwenye laini ya watu. Juu ya vichwa vya wafanyakazi ikatundika kamba. Ukiona kasoro, unavuta. Taa inawaka, kiongozi wa timu anakuja, na kama tatizo halijatatuliwa gari likifika mwisho wa kituo, laini inasimama. Halafu kuna jambo dogo la maandishi ambalo mimi huona lina uzito kuliko vitabu vingi vya usimamizi. Neno la Kijapani la otomesheni huandikwa kwa alama tatu. Toyota waliamua kuandika ya katikati kwa namna yao, wakaiongezea kijisehemu kinachomaanisha mtu. Matamshi yalibaki yaleyale. Ni kwenye karatasi tu ndipo unaona kwamba mtu amerudishwa ndani ya mashine.

Tusiwapake asali. Mashine ya Toyoda ilimkomboa mfumaji mmoja kutoka kwa kukodoa macho, lakini hesabu ni hesabu: mmoja akisimamia nyingi, wengine hawahitajiki. Na kamba haikutundikwa kwa huruma, ilitundikwa kwa sababu kasoro inayokamatwa mapema ni rahisi kurekebisha. Hata hivyo ndani ya hesabu hiyo ya faida kuna kitu cha maadili. Anayempa mtu kamba anakiri kwamba mtu yule anaona, anaamua na anatenda. Immanuel Kant alifundisha mwaka 1785 kwamba binadamu asitumiwe kamwe kama chombo tu cha kufikia lengo la mwingine. Kiwandani, kila mtu anatumiwa kwa lengo la mwingine, hilo halifichiki. Lakini neno zito pale ni "tu". Kamba ndiyo inayopima hiyo "tu".

Sasa ongeza ugumu. Je, kamba ikiwepo lakini aliye chini yake hawezi kuivuta?

Tarehe 23 Aprili 2013, nyufa zilionekana kwenye jengo la Rana Plaza huko Savar, karibu na Dhaka, Bangladesh. Chini kulikuwa na benki na maduka, juu kulikuwa na viwanda vya nguo. Watu walitolewa. Kesho yake benki na maduka hayakufunguliwa. Washonaji waliamriwa warudi kwenye cherehani zao. Jengo likaanguka asubuhi hiyo na zaidi ya watu 1,100 wakafa. Washonaji hawakuwa wajinga. Nyufa waliziona kwa macho yao sawa na watu wa benki. Tofauti ilikuwa kwamba mtu wa benki angekosa siku moja ya kazi na maisha yaendelee, ilhali mshonaji alihofia kukosa mshahara ambao tayari ulikuwa na wenyewe: kodi, chakula, karo. Sensa ilifanya kazi. Kilichokatwa ni waya kati ya kuona na kutenda.

Usiseme hayo ni ya Bangladesh. Kila asubuhi kwenye mageti ya Industrial Area kuna watu wanaosubiri kuchaguliwa kwa kibarua cha siku. Kwenye karatasi, Kenya imewapa kamba. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inasema mfanyakazi akiripoti hatari kubwa, mwajiri hawezi kumlazimisha kurudi mahali pale kabla ya kuirekebisha. Sheria ya Ajira ya mwaka huohuo inasema kibarua akifanya kazi mfululizo kwa siku zinazofika mwezi mmoja, hesabu yake igeuke kuwa ajira ya mwezi. Lakini mtu anayechaguliwa upya kila siku hahitaji kufutwa kazi. Anahitaji tu kutochaguliwa kesho. Hakuna barua wala sababu, na hakuna kesi ya kupeleka popote. Kitufe chekundu kiko palepale ukutani, na yeye anakipita akikiangalia kama tunavyoangalia magari ya watu.

Mdosi ana hoja yake na ni vizuri isikike. Kila dakika laini ikisimama, pesa zinamwagika. Kila mtu akipewa kamba, si kuna wavivu watakaoivuta kupumzika? Labda wapo. Lakini sikiliza hoja hiyo inadai nini. Inadai kwamba anayesimama kwenye mashine saa nane kila siku anaijua vizuri ya kutosha kuiendesha, ila hajui ya kutosha kuisimamisha. Huwezi kushikilia yote mawili. Kama unamwamini mkono wake karibu na blade, muamini na neno lake kuhusu blade hiyo.

Hapa ndipo tunarudi kwa lile swali la roboti kuchukua kazi. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walichoma mashine za kuchuma chai kwenye mashamba makubwa. Wengi mitandaoni waliwacheka: eti watu wa kale wanapigana na maendeleo. Miaka 200 iliyopita, wafumaji wa Nottingham walivunja mashine za kufuma, na mwaka 1812 bunge la Uingereza likajibu kwa kuifanya hiyo kuwa hatia ya kunyongwa. Siungi mkono moto. Moto unaweza kuua, na kesho yake mchumaji bado hana kazi. Ila najiuliza: mchumaji yule alikuwa na kamba gani nyingine ya kuvuta? Sheria yetu inamtaka mwajiri anayepunguza watu atoe notisi ya mwezi mmoja, na alipe angalau mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka uliokamilika. Ni kitu, lakini ni masharti ya kuondoka. Kama mashine inapaswa kuja, kwa kasi gani, na muda inaouokoa utakuwa wa nani, hayo yanaamuliwa kwenye vyumba ambavyo mchumaji haingii. Mtu asiyepewa kamba ndani ya mfumo ataitafuta nje yake.

Aristotle aliwahi kuwaza kwamba kama vyombo vya kufuma vingejiendesha vyenyewe, mabwana wasingehitaji watumwa. Vyombo hivyo sasa vipo, na vinatii zaidi ya alivyofikiria. Alichokosa kuuliza ni nani atakayeviagiza visimame.

Kwa hivyo siku utakapofika kiwandani, kama mhandisi, kama kibarua ama kama mgeni wa kupiga picha, usitosheke kuuliza mashine ngapi zimefungwa na watu wangapi wamebaki. Uliza mara ya mwisho laini iliposimamishwa na mfanyakazi wa kawaida ilikuwa lini, na huyo mtu yuko wapi leo. Kama hakuna anayekumbuka, basi ama kiwanda hicho hakijawahi kuwa na kasoro hata moja, ama kila mtu mle ndani ameshajifunza kunyamaza.