Baba Mwenye Shaka na Siku ya Jina

Je, yafaa mtu amwombee mwenziwe baraka kwa maneno ambayo yeye mwenyewe hayaelewi, na tena hana hakika kama yanasikiwa? Swali hili sikulikuta kitabuni. Lililetwa barazani kwangu na jirani yangu mmoja, Mhindu wa asili ya Gujarati, mzaliwa wa Dar es Salaam kama alivyokuwa baba yake, ambaye siku nne kabla alikuwa amepata binti. Mama yake mzazi alitaka mtoto apewe jina nyumbani kwa kawaida ya wazee wao, moto mtakatifu uwashwe, na baba asome kwa kinywa chake. "Mwalimu," aliniambia, "mimi siamini kwamba moto hula samli ukaipeleka mbinguni. Nikisoma, si nitakuwa mnafiki?"

Nilimwuliza kwa nini hakulipeleka jambo hilo kwa kuhani wao. Akajibu kwamba kuhani amekwisha mjibu, ila amemjibu juu ya siku na saa.

Lazima nikiri kwamba sikuwa na la kumwambia. Lugha yetu ina methali moja mashuhuri juu ya Baniani na kiatu chake, na aghalabu elimu yetu juu ya watu hawa, ambao tumekaa nao pwani hii karne nyingi, huanzia hapo na kuishia hapo. Nilimwomba siku chache nikasome.

Wahindu huyaita matendo ya namna hii samskara, nayo huhesabiwa kwa desturi kuwa kumi na sita, tangu kutungwa kwa mimba hata kuchomwa kwa maiti. Lile la kumpa mtoto jina huitwa namakarana. Vitabu vya kale vinavyolieleza vimepewa jina la nyumba, kwa maana vyahusu mambo yatendwayo mbele ya moto wa nyumbani, si hekaluni. Sheria ya Manu yataja siku ya kumi au ya kumi na mbili baada ya kuzaliwa. Kitabu cha Ashvalayana chataka jina la mwanamume liwe na silabi za kugawanyika kwa mbili, na la mwanamke liwe na silabi za witiri. Tena chataja jina jingine la kutumiwa katika kuamkia wakubwa, ambalo wazazi peke yao hulijua mpaka mtoto afikie umri wa kupelekwa kwa mwalimu. Jambo lililonivuta zaidi ni kwamba mwenye kutenda ni baba. Kuhani akiwapo, humwongoza baba aliyesahau. Kwa hiyo jirani yangu hakuwa na mgongo wa kujifichia.

Juu ya maandiko hayo Wagujarati wameongeza mambo ya nyumbani ambayo, kwa kusema kweli, nimeyapenda kuliko maandiko. Usiku wa sita huwekwa karibu na mtoto taa, kalamu na karatasi tupu, kwa kuwa yasemekana usiku huo Majaliwa huja kuandika maisha yake. Siku ya jina, mtoto hulazwa katika kitambaa, watoto wanne wa ukoo hukamata ncha zake nne, wakambembeza huku wakiimba, na shangazi, dada wa baba, ndiye hulitamka jina. Herufi yake ya kwanza hutokana na mahali mwezi ulipokuwa katika nyota saa ya kuzaliwa. Katika Upanishadi ya Brihadaranyaka mna tendo la kale zaidi: baba huweka kinywa chake kwenye sikio la kuume la mtoto, na kulitaja mara tatu neno lenye maana ya usemi. Sisi wa pwani tuliozoea kuona adhana ikisomwa katika sikio la kitoto kichanga hatuwezi kulistaajabia tendo hilo. Katika dini hizi mbili zilizo mbali sana, mlango wa kwanza wa kumwingiza mtu miongoni mwa watu umeonekana kuwa sikio, hali mwenye sikio hafahamu hata neno moja.

Hapo ndipo penye sehemu ya kwanza ya swali. Maneno yasiyofahamika yana kazi gani? Kumbe wasomi wa Bara Hindi waliligombania jambo hili zaidi ya miaka elfu mbili iliyopita. Mmoja, Kautsa, alidai kwamba mantra za Veda hazina maana: maneno yake hayawezi kubadilishwa wala kupanguliwa, na baadhi yake hupingana. Yaska, mwandishi wa Nirukta, ambaye ndiye aliyetuhifadhia hoja hiyo, alimjibu kwamba kipofu akijigonga kwenye nguzo, kosa si la nguzo. Jibu hili ni tamu, lakini nadhani limemwepuka Kautsa kidogo. Ubishi wenyewe ungali hai. Mwaka 1989 Frits Staal alichapisha kitabu kizima cha kutetea kwamba ibada na mantra ni kanuni zisizo na maana.

Kwa upande mwingine, J. L. Austin, katika mihadhara yake iliyochapishwa mwaka 1962, alionyesha kwamba yako maneno ambayo hayatoi habari bali hutenda. Asemaye "naahidi" haelezi ahadi iliyoko mahali fulani, ndiyo anaitoa. Kubariki ni neno la jamaa hiyo. Nilimpelekea jirani yangu hoja hii nikidhani nimemfungua kifungo. Akaniuliza: "Atoaye ahadi bila ya nia ya kuitimiza, je?" Na hakika Austin mwenyewe alikiri kwamba ahadi ya namna hiyo hutolewa, ila hutolewa kwa ila. Nikarudi nyumbani nimeshindwa.

Nilivyozidi kufikiri niliona kwamba yatupasa tumwulize mnafiki anamdanganya nani. Jirani yangu alikuwa amekwisha mwambia mama yake wazi kwamba ana shaka. Mama yake akamjibu kwamba hakumwomba imani, alimwomba asome. Mkewe alijua. Kuhani alijua, wala hakujali. Amebaki mmoja asiyejua, naye ndiye anayebarikiwa. Watu husema mtoto huyo hakuombwa ridhaa, na kwa hiyo amedhulumiwa. Mimi nifundishaye lugha siwezi kulikubali neno hili kwa urahisi, kwa sababu hakuna aliyeombwa ridhaa kabla ya kupewa lugha ya mama, wala jina, wala ukoo; na asiyepewa chochote mpaka awe na akili ya kuchagua, hatakuwa na akili ya kuchagulia. Lakini mtoto huyu atakua, na siku moja atauliza, "Mlininenea nini?" Baba asiyekuwa na jibu siku hiyo ndiye nitakayemwita mwongo, hata akiwa muumini wa kutupwa.

Na jibu hilo si jepesi, maana urithi huu si asali tupu. Sheria ile ile ya Manu iliyotaja siku ya jina yaamuru kwamba jina la Brahmani liwe la heri, la Kshatriya liwe la nguvu, la Vaishya liwe la mali, na la Shudra liwe la kudharaulisha. Tafakari, msomaji: tendo la kubariki likafanywa chombo cha kumpiga mtu chapa ya unyonge akiwa na siku kumi za umri! Na kwa mtoto wa kike yaamuru kwamba matendo haya yafanywe bila ya mantra, kana kwamba maneno yangepotea bure katika sikio lake. B. R. Ambedkar hakufanya mzaha tarehe 25 Desemba 1927, kule Mahad, kitabu hicho kilipochomwa moto hadharani. Kosa la majina yale halikuwa kwamba mtoto hakuulizwa. Kosa lilikuwa kwamba yalimfungia mlango ambao hata akikua asingeweza kuufungua.

Nilimsomea jirani yangu sehemu hizi nikitazamia atasema, "Basi, tuache." Akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba kama ni hivyo atasoma, na atamsomea binti yake kila neno lililowahi kusomewa mwana wa kiume. Nilishangaa. Shaka haikumfanya asome. Kilichomfanya asome ni kujua kwamba kulikuwa na waliokatazwa kusomewa.

Yalibaki mambo ya asali. Vitabu vya kale vyasema mtoto aonjeshwe asali na samli kwa dhahabu mara azaliwapo, na siku hizi, kwa kuwa watoto huzaliwa hospitali, tendo hilo pengine huunganishwa na siku ya jina. Bibi alikuwa ameandaa pete na kijiko. Mkwewe, ambaye ni muuguzi, alikataa katakata. Tangu mwaka 1976 madaktari wamejua kwamba vijidudu ambavyo tumbo la mtu mzima huvishinda vyaweza kukua katika tumbo la mtoto mchanga na kutoa sumu ya kulegeza viungo, na asali ni moja ya njia zake. Ndiyo sababu hakatazwi ila aliye chini ya mwaka mmoja. Bibi alisema wanawe wanne waliila na wote ni wazima. Mkwe akasema, "Mama, wewe ulikuwa hujui. Mimi najua." Sijasikia hoja fupi kuliko hiyo juu ya wajibu. Hatimaye asali ilitiwa katika sahani mbele ya moto, na walioila ni wale watoto wanne waliokamata kitambaa.

Kabla ya siku yenyewe baba aliniletea maandishi ya Kisanskriti pamoja na tafsiri, akitaka kila ombi lisomwe na Kiswahili chake, kwa kuwa ndicho binti atakachozungumza barabarani. Tulikwama mahali pamoja. Mtoto huombewa aone miaka mia, ila neno lililotumika si mwaka. Ni majira yale ya Bara Hindi mvua kubwa zinapokwisha na anga kutakata. Wazee hao walihesabu umri kwa mvua ambazo mtu amezivuka. Mimi nilitaka tuandike "miaka". Yeye alikataa, akasema miaka iko kwenye kalenda. Tulitaja demani, tukaiacha, na mwisho tukaafikiana kuandika "vipupwe mia", kwa sababu kwetu kipupwe ndicho kifuatacho masika.

Siku ya kumi na mbili alisoma, akajikwaa mara mbili, kuhani akamsahihisha. Alipofika kwenye vipupwe, mama yake alimkatiza kwa sauti akauliza hilo ni neno gani. Mkwe alimnong'oneza, na bibi akageuka kutazama dirishani, ambako nguo za mtoto zilikuwa zimeanikwa baada ya juma zima la mvua.