Moshi Ukishatoka Ni wa Nani?

Wengi wetu tumelelewa tukijua kwamba mtu huulizwa alilolitenda. Umeiba, umepiga, umetukana: mkono upo, ulimi upo, na shahidi hakosekani. Lakini lile linalotutoka kwa nyuma bila ya sisi kulikusudia, tena wakati tumeshapiga hatua mia mbele, nalo tutaulizwa? Nasema kwa nyuma kwa maana yake halisi, na naomba msinicheke. Nazungumzia moshi wa gari.

Mjomba wangu ana pikapu, Hilux ya dizeli ya mwaka 1991, ambayo imesomesha watoto wanne na bado inadaiwa. Kila alfajiri huwachukua akina mama wachuuzi kutoka Makorora, akawapeleka Kigombe kununua samaki na dagaa, kisha akawarudisha mjini kabla jua halijakolea. Wao hukaa nyuma, juu ya ndoo na matenga, khanga zimevutwa mpaka puani. Mimi miaka yote nilidhani wanajifunga hivyo kwa sababu ya baridi ya alfajiri. Kumbe ni moshi. Zamani fundi mmoja alilikata bomba kabla halijafika ekseli ya nyuma, akaliacha linatema chini ya bodi, palepale walipokaa abiria. Gari ilitembea, hela zikaingia, na mambo yakaishia hapo.

Mwaka jana sailensa ikatoboka kabisa. Pikapu ikawa inanguruma kama inateremka Usambara bila breki, na jirani mwenye mtoto mchanga akaja kutusalimia saa kumi na moja alfajiri kwa salamu isiyoandikika humu. Hela ya kupeleka gereji haikuwapo, basi mjomba akaamua kazi tutaifanya wenyewe uani.

Niseme kidogo juu ya kutu, maana watu wa mwambao tuna kawaida ya kuisingizia bahari kila kitu. Ni kweli hewa ya chumvi inakula vyuma vya Tanga, lakini bomba la moshi huanza kuliwa kutoka ndani. Dizeli ikiungua hutoa maji: lita moja ya mafuta hutoa karibu lita moja ya maji, yakiwa mvuke. Safari ikiwa ndefu, bomba linachemka na mvuke wote unatoka. Ikiwa fupifupi, nyumbani hadi sokoni na kurudi, bomba halipati moto wa kutosha, mvuke unapoa tumboni mwa sailensa, unakutana na salfa iliyomo kwenye mafuta, na hapo ndo inazaliwa tindikali. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilishusha salfa ya dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni, na zamani ilikuwa nyingi kupita hapo. Hata hivyo maji hayajapunguzwa na sheria yoyote. Kwa hiyo bomba hutobolewa na kitu kilekile lililopewa kazi ya kukitoa nje. Nilipolifahamu jambo hili nilikaa kimya kidogo, nikawafikiria watu fulani ninaowajua.

Kazi yenyewe ilituchukua siku mbili. Bolti tulizilowesha mafuta tangu Ijumaa usiku, injini imeshapoa. Jumamosi tukaweka mawe kwenye magurudumu, tukainyanyua gari na kuiegemeza juu ya magogo ya mwembe, maana jeki peke yake si ya kuaminiwa: mtu huingia chini mzima akatolewa maiti. Bolti mbili za kule mbele, bomba linapoungana na injini, zilikubali. Ya tatu ikakatika, na ikabidi tuitoboe kwa drili ya kuazima. Yaliyobaki tuliyakata kwa msumeno wa chuma, yakadondoka vipande vipande kama mkate mkavu. Sailensa mpya ilitoka kwa fundi wa kuchomelea wa Ngamiani: bati zito, na ndani yake bomba lenye matundu linalopita vyumbani, ili sauti igonge huku na huku mpaka ichoke. Kufunga unaanzia mbele kurudi nyuma. Gasketi mpya, kisha nati unazishikisha tu kwa vidole, unaning'iniza bomba zima kwenye mipira yake (mipira ipake sabuni, vinginevyo utatukana), na hukazi hata nati moja mpaka bomba lote limekaa mahali pake. Ukikaza mapema litagonga ekseli, urudie upya.

Tukafika ekseli. Hapo ndipo mjomba aliponiambia, "Mjomba, pametosha. Tulikate hapa kama zamani."

Kilichokuwa kimebaki ni mita moja na ushei. Lakini hiyo mita ndiyo ghali kuliko zote, kwa sababu lazima ipinde juu ya ekseli halafu ishuke. Bomba ukilipinda hivihivi linabonyea. Fundi hulijaza mchanga mkavu, akaziba ncha zote mbili, akalipasha moto mpaka jekundu, ndipo analikunja taratibu. Elfu arobaini, na haipungui. Mita hiyo haiongezi nguvu ya injini, wala haipunguzi kelele ya maana, wala haimsaidii dereva kwa lolote. Inawafaa watu wa nyuma peke yao.

Nikamwambia moshi unawaumiza wale akina mama. Mzee akajifuta mikono, akanijibu bila hasira: "Moshi ukishatoka ni wa Mungu. Mimi wangu ni ule ulio ndani ya bomba."

Wenzangu, msiidharau kauli hiyo. Ndiyo falsafa inayoendesha sehemu kubwa ya dunia. Kiwanda hukisema, mji unaotiririsha maji machafu baharini huyasema, na hata sisi vijana tunaoandika huwa tunalitoa neno tukasema likishachapwa ni la msomaji. Kuna msemo wa kwetu unaosema Tanga waja leo, waondoka leo. Kila Mtanga anajua utani uliomo: wengi waliosema wanaondoka leo ndio babu zetu. Moshi nao hivyohivyo. Unaambiwa umeshaondoka na upepo, kumbe umepanga chumba kifuani mwa mtu. Mwezi Juni 2012 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliuweka moshi wa injini za dizeli katika kundi la vitu vilivyothibitika kumsababishia binadamu saratani. Risasi waliyokuwa wakiitia kwenye petroli tangu miaka ya 1920 ilikuja kukoma kuuzwa kwenye vituo vya magari duniani mwaka 2021 tu, Algeria ikiwa ya mwisho. Karibu miaka mia moja watu waliiita ya Mungu.

Basi nikadhani nimeshinda. Mjomba akatoa hoja nyingine, nzito kuliko ile ya kwanza: "Sawa. Elfu arobaini nikiitoa huku, mafuta ya Jumatatu nanunua na nini? Unataka wao wasikohoe, mimi nilale njaa. Hujaondoa madhara, umeyahamisha."

Sikujua kwamba mzee wangu, ambaye shule aliiacha darasa la saba, amekutana na profesa. Mwaka 1960 mwanauchumi Mwingereza Ronald Coase aliandika makala iliyompa umaarufu, na mwaka 1991 akapewa Tuzo ya Nobeli. Alisema karibu hayohayo: tukimzuia anayetoa moshi asimdhuru jirani, naye tunamdhuru, swali la kweli ni yupi aruhusiwe kumdhuru mwenzake, na kwa gharama ipi. Afadhali watu wakae wakubaliane bei. Hoja safi, na kwa vitabu vya uchumi huenda inatosha. Ila inadhania kwamba wote wawili wamekaa meza moja. Wanazuoni wa sheria ya Kiislamu walipojadili moshi wa tanuri la mwoka mikate, karne nyingi zilizopita, walianzia upande mwingine: jirani alikuwapo akivuta hewa yake, na ni wewe uliyeleta tanuri. Kwao hesabu ya faida inafuata baadaye.

Nikaona nitoke kwenye vitabu niwaulize wenyewe. Jumapili jioni nikamwendea mchuuzi mmoja, mama wa makamo, mara nyingine husafiri na mjukuu wake amempakata. Baada ya shikamoo na marahaba nikamweleza habari ya mita moja. Akacheka mpaka akakaa. "Mwanangu," akasema, "moshi tumeshauzoea. Nauli ndo hatujaizoea. Usije ukatupandishia."

Jibu hilo lilinivunja nguvu kuliko hoja zote za mjomba. Kama anayeumia anasema mwache, mimi nani wa kumtetea? Nililala nalo. Nilichokiona mpaka asubuhi ni hiki: yule mama hakusema moshi hauumi. Alisema katika mawili yanayouma, moja analimudu. Hakuna aliyempa la tatu. Mtu aliyechagua kati ya kikohozi na njaa hajakubali kikohozi, na anayeichukulia ile khanga puani kuwa ni ridhaa anajisomea mkataba ambao haukuandikwa. Halafu kuna mjukuu. Yeye hajazoea chochote, wala hakuulizwa na bibi yake, wala na mimi.

Nilikwenda kwa mjomba Jumatatu nikiwa na hotuba nzima kichwani. Sikuitoa. Nilimkuta ameshampelekea fundi bomba, mchanga umeshajazwa, moto unawaka. Kisa? Mwenye hoteli mmoja wa mjini alikuwa amekataa tenga mbili za dagaa akidai zinanuka dizeli, na wachuuzi walishaanza kuulizana habari za gari nyingine. Elfu arobaini ikapatikana, sijui ilikuwa imejificha wapi.

Mjerumani Immanuel Kant, mwaka 1785, alitoa mfano wa mwenye duka asiyempunja hata mtoto mdogo aliyetumwa, kwa kuwa sifa njema inaleta wateja. Kafanya la haki, anasema Kant, lakini hakulifanya kwa ajili ya haki, kwa hiyo halina thamani ya kiadili. Zamani nilimkubali sana mzee huyu. Siku ile, nikitazama chuma chekundu kinakubali kukunjika, nilimwona kama mtu ambaye hajawahi kupanda nyuma ya pikapu. Kifua cha mtoto hakiulizi nia ya dereva. Lakini, ndugu msomaji, nikigeuza upande wa pili naogopa: nia ya faida ndiyo iliyolikata bomba lile mwanzoni, na kesho hoteli ikizoea harufu, nani atalilinda? Nia ina kazi yake siku ambayo faida inakwenda likizo. Hapo nampa Kant nusu yake.

Bomba sasa linatokea nyuma kabisa ya bodi, limeinama kidogo kulia. Nauli haikupanda. Wiki ya kwanza nilipanda nao nyuma kwenda Kigombe, na mama yule alikuwa ameshusha khanga mabegani, anapiga soga. Tulipokuwa tunatoka mjini, mwendesha baiskeli mmoja mwenye gunia la mkaa alituandama, maana huku Tanga baiskeli hazikosi, na kila mjomba alipokanyaga mafuta, wingu jeusi lilimpiga usoni. Akaziba pua kwa kiwiko, akaendelea kukanyaga pedeli.

Niliposhuka nikamsimulia mjomba. Akanitazama kwa muda, akauliza, "Haya. Na huyo wa baiskeli, bomba lake tulipeleke wapi?"

Sijamjibu. Ila tumeanza kuzungumza habari ya nozeli, maana moshi mweusi namna ile mara nyingi ni mafuta yasiyoungua vizuri, na fundi anasema zikipimwa na kurekebishwa utapungua. Bei yake hajaitaja bado.