Dira Haidanganyi, Je, Aliyeishika?



Ndugu wasomaji, wengi wenu mnaijua njia ya Congo Nile inayoanzia hapa Rubavu na kufuata Ziwa Kivu hadi Rusizi, kilomita 227. Mimi ni mzaliwa wa Gisenyi, nikadhani naijua. Likizo iliyopita niliingia kwa mara ya kwanza katika mashindano ya wanafunzi ya kutafuta njia kwa ramani na dira: timu ya watu wanne, kilomita 30 kutoka Rubona kuelekea upande wa Rutsiro, kwa vijia vya milimani. Sharti lilikuwa moja: wanne wote wafike pamoja kila kituo. Muda wa timu ni muda wa yule wa mwisho.

Mtume (s.a.w.) alifundisha kwamba watu watatu wakitoka safarini wamteue mmoja wao awe amiri. Wenzangu waliniteua mimi, wakanikabidhi ramani na dira.

Baada ya kituo cha pili tulifika njia panda. Nilichagua njia pana bila kuangalia dira. Tulikuwa tukienda kusini, kwa hiyo ziwa lilipaswa kuwa mkono wa kulia. Tukapita kati ya vilima viwili, ziwa likapotea. Lilipotokea tena, lilikuwa kushoto.

Nililiona. Nikajiambia kwamba hiyo ni ghuba tu, njia itapinda. Mlima Nyiragongo, ambao ungetuonyesha kaskazini, ulikuwa umefunikwa na mawingu. Dira ilikuwa mfukoni, lakini sikuitoa, kwa sababu nilijua itakachosema. Nyuma yangu mwenzetu mmoja alikuwa anachechemea goti. Karibu nusu saa nilimwongoza nikiwa na shaka, na ulimi wangu ukisema, "Twendeni, tumekaribia."

Ilipofika adhuhuri tulisimama kuswali. Wakaniomba niwaonyeshe kibla. Hapo sikuwa na pa kujificha. Kutoka kwetu Makka iko kaskazini, ikielekea kidogo mashariki. Nilipoiweka dira kwenye kiganja, kibla kilikuwa kule kule tulikokuwa tunakwenda. Wote wakaona. Mwenye goti akasema taratibu, "Amiri, mimi niliona ziwa limehama. Nilidhani wewe unajua."

Maneno hayo yalinichoma kuliko lawama. Tangu siku ile najiuliza: kosa ni la nani? La kiongozi aliyeficha shaka yake, au la mfuasi aliyeona akanyamaza kwa heshima?

Katika sira imepokewa kwamba kabla ya vita vya Badr, mwaka wa 2 Hijria, Hubab bin al-Mundhir alimwuliza Mtume (s.a.w.) kama mahali walipopiga kambi palichaguliwa kwa wahyi au ni rai. Alipojua ni rai, alishauri wasogee karibu na visima, na ushauri wake ukakubaliwa. Hubab aliuliza kwa adabu, lakini aliuliza. Heshima haikumfunga mdomo.

Hata hivyo, siwezi kugawa kosa langu nusu kwa nusu. Mfuasi huthubutu kusema pale kiongozi anapoacha mlango wazi. Mimi kila niliposema "tumekaribia" niliufunga. Kukosea njia panda si dhambi, kila mtu hukosea. Lakini kuanzia dakika niliyoona ziwa kushoto, kila hatua niliwaibia wenzangu: nguvu zao, muda wao, na goti la mmoja wao. Ramani ilikuwa amana, na amana haivunjwi kwa kuipoteza tu. Huvunjwa pia kwa kuishika huku unaficha inachosema.

Niliomba msamaha. Bibi mmoja aliyekuwa analima akatuelekeza njia ya mkato, "Wanangu, mngeniuliza mlipopita mara ya kwanza." Tulimpokezana mwenzetu begani, tukafika magharibi ikiwa imeshaadhiniwa, timu ya mwisho kabisa, lakini wanne.

Ndugu zangu, wengi wetu tutakabidhiwa ramani: uongozi wa jumuiya hii, ofisi, familia. Siku utakapoona ziwa liko upande usio wake, simama, waambie wenzako. Na wewe unayefuata nyuma, ukiliona, sema.

Allah atupe ulimi wa kukiri na sikio la kusikia. Amin.