Mnunuzi Aliyemo Ndani ya Kuuza

Mganda na Mmalawi wanaofuata mzigo wa jumla Kariakoo hupatana bei kwa Kiswahili, lakini kwao wote wawili kununua ni kugula. Msukuma pia husema kugula, Mnyarwanda, kugura. Kutokana na mifanano ya namna hii, wanaisimu kama Carl Meinhof, na baadaye Malcolm Guthrie, walijenga upya maneno ya lugha mama ya Kibantu, iliyosemwa miaka elfu nne au zaidi iliyopita huko mpakani mwa Kamerun na Nijeria. Shina hili huandikwa *-gʊd-, na d yake leo husikika kama l au r. Nyota ile mbele ni kiapo cha uaminifu: neno hili limekisiwa, hakuna aliyelisikia.

Sisi tunasema kununua. Hata hivyo shina lile halikututoka. Kiswahili kiliidondosha g ya kale, na kiambishi cha kusababisha kikageuza l kuwa z, kama lala inavyozaa laza. Hivyo ndivyo tulivyopata uza. Kuuza, kwa asili yake, ni kumfanya mtu anunue.

Nikipita Mtaa wa Congo, hapo Kariakoo, nalifikiria jambo hili kwa uzito. Machinga amesimama juani tangu asubuhi, ameita hadi sauti imekauka, jioni anasema, “Leo sijauza.” Kazi yote ameifanya, ila tendo lenyewe linakamilikia mkononi mwa mwingine. Waslavi wa kale walilitazama kwa upande mwingine: *prodati yao, nayo ina nyota, imetoka kwenye *dati, yaani kutoa. Kwao muuzaji ni mtu anayeachia kitu chake. Mimi naona wazee wetu waliona mbali zaidi, maana walimweka mnunuzi ndani ya neno.

Tena enzi za wazee hao sarafu hazikuwepo. Mwenye samaki alipokutana na mwenye chumvi, nani alikuwa muuzaji? Kila mmoja alichukua alichokitaka, na kila mmoja alimfanya mwenzake achukue. Fedha ndiyo iliyokuja kumweka mmoja nyuma ya meza na mwingine mbele yake, kisha tukazoea kudhani kwamba wanafanya mambo mawili tofauti.