Ukingo wa Dari na Watoto Wetu Ziwani

Mahubiri ya Jumapili
Masomo: Kumbukumbu la Torati 22:8, Luka 2:41–52



Theluji imekwisha, shule zimefungwa, na watoto wameanza lile swali lao la kila asubuhi: "Baba, leo tunaenda wapi?" Familia zilizofika hapa Minneapolis wakati wa baridi zinashangaa. Jiji lililokuwa kama friji sasa limejaa baiskeli, moshi wa nyama na watu waliolala kwenye nyasi mchana kweupe kana kwamba hawana kazi. Karibuni. Haya ndiyo majira ya joto, ni mafupi, na Mungu ametupa tuyafurahie.

Leo nataka tuongee juu ya furaha hiyo, na juu ya jambo ambalo nimelibeba moyoni tangu pikiniki yetu ya mwaka jana.

Tuanze na somo letu la kwanza. Ni mstari mmoja tu, na wengi tunaupita haraka tukisoma Torati, kwa sababu unafanana na maagizo ya fundi wa ujenzi. Musa anawaambia Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya aweke ukingo kuzunguka dari, ili mtu asianguke kutoka juu na damu yake ikawa juu ya nyumba ile. Basi. Kisha anaendelea na habari za mashamba na mbegu.

Sasa, nyumba za kule zilikuwa na dari bapa. Watu walipanda juu jioni kupunga upepo, walianika mazao, walilala huko wakati wa joto. Mnakumbuka Rahabu aliwaficha wapelelezi chini ya mabua ya kitani juu ya dari yake. Dari lilikuwa mahali pa kupumzikia, kama bustani zetu za jiji, ambazo watoto wetu wanaziita paki. Angalieni Mungu hakusema nini. Hakusema watu wasipande juu. Hakusema watoto wafungiwe ndani wasije wakaanguka. Alitaka waende juu wafurahi, na mwenye nyumba aweke ukingo. Tena hakusema kila mgeni ajichunge mwenyewe. Kazi alimpa mwenye nyumba.

Nasema hivi kwa sababu nawajua baadhi yenu. Kuna mama kati yetu ambaye watoto wake hawatoki kwenye apatimenti kuanzia Juni hadi Septemba. Anaogopa maji, anaogopa watu, anaogopa polisi, anaogopa kuulizwa jambo kwa Kiingereza. Mama yangu, nakuelewa. Lakini bustani hizi ni zako pia. Bodi ya bustani ya jiji hili ilianzishwa mwaka 1883, na mtu aliyezisimamia kwa miaka mingi, kuanzia 1906 hadi 1935, alikuwa mhamiaji kama wewe: Theodore Wirth, mzaliwa wa Uswisi. Alipofika alikuta vibao vya kuwakataza watu kukanyaga nyasi. Akaviondoa. Aliona bustani ni ya kuchezwa, si ya kutazamwa tu. Kwa hiyo ukiketi pale na kanga yako chini ya mti, na sufuria yako ya pilau, hujavamia mahali pa watu. Huingii kwa kiingilio. Tena viko vituo vingi vinavyowapa watoto chakula cha mchana bure shule zikifungwa, kwa mpango wa serikali, na baadhi yake viko kwenye bustani hizi. Hawaombi karatasi. Mtoto anafika, anakula.

Sasa nije kwenye lile lililonisumbua.

Mwaka jana kwenye pikiniki yetu ya Julai mimi nilikuwa kwenye jiko la mkaa nikigeuza mishikaki. Mke wangu alikuwa na akina mama wakigawa wali. Vijana walikuwa kwenye mpira. Watu wazima walikuwa zaidi ya arobaini pale, na mtoto wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka minne, alikuwa akicheza mchanga na wenzake ufukoni, hatua kama ishirini hivi kutoka nilipo. Nilimwona. Nikageuza mishikaki. Nilipoinua macho tena, mama mmoja mzee, mzungu ambaye hatukumjua, alikuwa anatoka majini na nguo zake zote, amembeba mtoto wangu begani, naye anakohoa na kutapika maji.

Hakupiga kelele. Hilo ndilo linaloniamsha usiku. Nilikuwa nadhani mtu anayezama hupiga kelele, hupunga mikono, kama tunavyoona kwenye filamu. Si kweli. Anayezama anatafuta pumzi, hana pumzi ya kupigia kelele. Kichwa kinalala nyuma, mdomo unakuwa usawa wa maji, mikono inasukuma maji pembeni, na baada ya muda mfupi sana anakwenda chini kimya. Watoto wengine walikuwa pale pale pembeni yake wakidhani anacheza.

Baadaye wengi mlinijia mkasema, "Mchungaji, Mungu amemlinda." Niliitika amina na bado naitika. Lakini sikuwaambia ukweli wote, na leo nauungama mbele yenu: mimi sikuweka ukingo. Nilihubiri pale asubuhi juu ya ulinzi wa Bwana, kisha nikamwachia mtoto wa miaka minne ziwa zima. Hapa Marekani kuzama majini ndiko kunakoua watoto wa mwaka mmoja hadi minne kuliko sababu nyingine yoyote. Sikuwa najua. Na yule mama nilimshukuru kwa Kiingereza changu kilichokatika, akaondoka na nguo zake zilizolowa, hata jina sikumuuliza.

Ndipo nikasoma tena somo la pili, la Yesu kupotea akiwa na miaka kumi na miwili. Tumezoea kulihubiri kwa ajili ya yale aliyoyasema hekaluni. Mimi safari hii nilikwama kwenye ule mwendo wa siku nzima. Yusufu na Mariamu walitembea kutwa bila mtoto, kwa sababu kila mmoja alidhani yuko kwenye msafara, kwa ndugu, kwa jamaa, kwa watu wanaowajua. Hawakuwa wazazi wabaya. Walikuwa na watu wengi wazuri wanaowazunguka, na hilo ndilo lililowadanganya.

Ndivyo tulivyo sisi. Kijijini kwetu mtoto alikuwa wa wote. Akipita kwa jirani, jirani anamwona, anamlisha, akikosea anamchapa. Tumekuja na moyo huo, nami sitaki tuupoteze. Lakini kijijini jirani alikaa barazani kwake kutwa na njia aliijua. Kwenye pikiniki sote ni wageni wa mahali, sote tuna shughuli mkononi, na mtoto wa wote anageuka kuwa mtoto asiyetazamwa na yeyote. Mbaya zaidi siku hizi tuna simu. Mtu anatazama harusi ya Kigoma mubashara huku mtoto wake yuko majini.

Kwa hiyo, wapendwa, mwaka huu tunajenga ukingo. Nimekaa na wazee wa kanisa na viongozi wa akina mama tukakubaliana hivi. Kila tukiwa karibu na maji patakuwa na mtazamaji wa zamu. Atavaa kitambaa chekundu mkononi, zamu yake ni dakika 15, na katika dakika hizo hashiki simu, hali, hapigi hadithi, hageuki hata akisalimiwa na mchungaji. Zamu ikiisha anamfunga mwenzake kitambaa mkononi na kumwambia kwa mdomo: sasa ni wewe. Asipopatikana wa kupokea, watoto wote wanatoka majini. Na mtoto mdogo asiyejua kuogelea haitoshi mtazamaji wa zamu. Mzazi wake awe naye majini, karibu kiasi cha kumfikia kwa mkono.

Wale mliokulia Uvira, Kigoma, Rumonge, mnaniambia, "Sisi tumezaliwa ziwani." Ni kweli, nami nawaheshimu. Lakini watoto wenu hawakuzaliwa ziwani. Wengine wamezaliwa kambini ambako maji yalikuwa ya ndoo, wengine hapa. Na maziwa haya yana tabia zake: unatembea maji ya magotini, hatua chache mbele chini panaporomoka ghafla, maji ni meusi huoni mguu wako, na majani yanakamata. Vijana, hili ni lenu pia. Najua mnakwenda usiku baada ya waokoaji kuondoka, mnashindana kuogelea mbali. Si kila ufuko una mwokoaji, na penye mwokoaji ana saa zake za kazi. Kijana mwenye nguvu anazama sawa na mtoto, ila yeye akizama ni vigumu zaidi kumtoa.

Yale maboya ya plastiki ya kupuliza ya dukani ni vitu vya kuchezea, hayaokoi mtu. Kinachookoa ni jaketi la kuogelea lililoidhinishwa na walinzi wa pwani wa Marekani. Imeandikwa ndani yake, na uzito wa mtoto uendane na uliotajwa pale. Kwenye mashua sheria ya Minnesota inamtaka kila mtoto chini ya miaka 10 alivae. Tumenunua machache kwa sadaka ya Pasaka, yako stoo ya kanisa, njoo uazime. Na wanaoogopa ziwa kabisa, liko bwawa la Webber kule kaskazini ya jiji, lililofunguliwa mwaka 2015. Maji yake yanasafishwa kwa mimea badala ya klorini, kuna sehemu ya kina kifupi, kuna waokoaji, na kuingia ni bure.

Ukimwona mtu anazama na wewe hujui kuogelea, usijirushe. Wengi wamekufa wawili badala ya mmoja. Lala kifudifudi ukingoni umnyooshee fimbo, kasia, hata kanga iliyosokotwa. Mrushie dumu tupu lililofungwa mfuniko, linaelea. Mwingine apige 911. Akina mama wengi mnaogopa namba hiyo kwa sababu ya lugha. Taja mahali kwanza, kisha sema "Swahili", na usikate simu, wataunganisha mkalimani. Lakini mahali upajue kabla hujavua viatu. Ukisema Bde Maka Ska tu, ziwa lile lina fuko zaidi ya moja na njia ya kulizunguka inapita maili 3. Soma kibao ulichopita, uwafundishe watoto jina la ufuko.

Mambo mengine nitayapita haraka, mengine mnayajua kuliko mimi. Ngurumo ikisikika, toka majini na usijifiche chini ya mti kama tulivyozoea mwembeni. Ingia jengoni au ndani ya gari, ukae mpaka zipite dakika 30 tangu ngurumo ya mwisho. Mtoto asiachwe garini hata kwa dakika tano za kununua barafu, kwa sababu gari lililofungwa juani hupanda joto haraka mno. Jioni mkirudi kutoka kwenye nyasi ndefu, mkagueni mtoto nyuma ya magoti, kwapani na kwenye nywele. Kupe wa hapa ni wadogo kama mbegu ya ufuta na wanaleta ugonjwa. Mvute kwa kibanio, moja kwa moja, usimchome kwa kiberiti kama tulivyofanya kwa ng'ombe. Na wapenzi wa nyama choma, wenzangu: makaa yakibaki msiyamwage chini ya mti. Yanawaka ndani kwa ndani saa nyingi, na mtoto wa familia itakayofuata atakanyaga akiwa peku. Huo nao ni ukingo wa dari, kwa ajili ya mtu usiyemjua.

Maporomoko ya Minnehaha nayo nayataja kwa sababu kila harusi yetu inakwenda kupiga picha pale. Ni futi 53 kwenda chini, na mawe ni utelezi. Uzio uliwekwa kwa sababu. Mpiga picha akikwambia uuvuke ili picha ipendeze, mkatalie, hata ukiwa umevaa gauni la dola elfu moja.

Pikiniki ya mwaka huu ni Jumamosi ijayo, ufuko wa Nokomis, kuanzia saa tano asubuhi. Kila familia ije na chakula chake na kidogo cha jirani. Karatasi ya zamu iko mlangoni. Nimeona baada ya ibada ya kwanza imejaa majina ya akina mama tu. Akina baba, kabla hamjaondoka leo piteni pale muandike. Zamu ya saa sita mchana, wakati wa mishikaki, nimeandika jina langu mimi, kwa hiyo tunahitaji mtu mwingine wa kushika jiko.

Tuombe.

Bwana, umetupa maji, jua na watoto. Tusamehe tulipotazama kando. Mkumbuke yule mama aliyelowa kwa ajili yetu, popote alipo, wewe unamjua jina. Amina.

Mchungaji wenu