Kwanza Ijue Sababu ya Punguzo

Mwanangu, nimeambiwa umeonyeshwa Prado ya zamani, inauzwa chini ya bei ya Prado nyingine za umri wake, na dalali amekupa mpaka Ijumaa. Sikukatazi gari. Kijana anayenunua viazi Makete na kuvishusha Njombe mjini wakati wa masika ana haki ya kutaka gari la fowili, linalovuta kwa magurudumu yote manne. Ninachokukataza ni kutoa pesa kabla hujajua kwa nini bei imeshuka. Yupo mtu aliyeishusha, naye ana sababu yake. Ukishalipa, sababu hiyo inakuwa yako.

Sababu nyingine hazina ubaya. Kule Japani gari binafsi jipya hukaguliwa baada ya miaka 3, kisha kila baada ya miaka 2, na ukaguzi huo wanaouita shaken una gharama kubwa. Wengi huona heri kuliuza gari likiwa zima kuliko kulilipia tena, ndiyo maana bandarini kwetu hushuka magari ambayo bado yana maisha marefu. Hapa nyumbani nako mtumishi huhamishwa, warithi hugawana mali, mtu huchoshwa na kituo cha mafuta. Prado ya petroli yenye injini ya lita 3.4 mjini huenda kilomita sita au saba tu kwa lita moja. Anayeikimbia hiyo hajakudanganya. Anakuachia mzigo wake, na wewe ndiye wa kupima kama faida ya magunia ya viazi itaubeba.

Sababu za kuogopa ziko uvunguni. Hokkaido na Tohoku, kaskazini mwa Japani, barabara humwagiwa chumvi msimu wa theluji, na chumvi hiyo huila chesisi taratibu huku bodi ikibaki inang'aa. Basi usilitazame gari likiwa limeegeshwa yadi, limeoshwa, limepakwa nta kwenye matairi. Lipeleke kwenye shimo la gereji, kwa fundi uliyemchagua wewe, si wa dalali. Agonge chesisi kwa nyundo ndogo asikie mlio wake. Akikuta rangi nyeusi mbichi uvunguni mwa gari la miaka ishirini, akwangue aone imefunika nini. Kama gari limeingia nchini karibuni, omba karatasi ya mnada. Ukiona limepewa daraja R, jua liliwahi kugongwa likatengenezwa. Hilo peke yake halilifanyi kuwa bovu, lakini muuzaji aliyelinyamazia atakuwa amenyamazia na mengine.

Halafu hiyo fowili yenyewe. Vijana wengi huitazama kama sifa, nami nataka uione pia kama gharama. Gari la kawaida lina difu moja. Hili lina difu ya mbele, difu ya nyuma, transfa, propela mbili, na Prado za aina hiyo zina difu nyingine katikati. Difu za mbele na nyuma na transfa zina oili yake na sili zake, na kila kimoja kati ya hivyo vyote kinaweza kuwa ndiyo sababu ya punguzo. Utakapolijaribu, usizunguke kwenye lami tu. Tafuta uwanja wa udongo ulegevu, ingiza gia ndogo, funga difu ya kati, uone taa yake kama inawaka na gari kama linavuta kwa magurudumu ya mbele na ya nyuma. Ukirudi kwenye lami kavu ifungue kabla hujakata kona, maana magurudumu ya mbele na ya nyuma hayazunguki sawasawa kwenye kona, na yakilazimishwa hujisokota mpaka kitu kikatike.

Angalia matairi kwa makini kuliko redio. Muuzaji anayetaka gari lionekane limetunzwa huweka matairi mawili mapya mbele na kuacha vipara nyuma, au huchanganya saizi. Kwenye gari ambalo magurudumu yote manne yanavuta wakati wote, tofauti hiyo huipa kazi difu ya kati au kapilingi bila kupumzika, hata barabara ikiwa nyoofu, na ndivyo zinavyokufa. Soma pia tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2319 maana yake lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini lililozeeka linaweza kupasuka ukiwa na mzigo, nawe unashuka mteremko wa Kitonga.

Nikitaja Kitonga moyo wangu unashtuka, kwa hiyo nisikilize hapa kuliko popote. Fowili hukusaidia kuondoka. Kusimama haikusaidii. Breki zake ni breki kama za gari lolote, na gari lenyewe ni zito na refu, hupinduka upesi likikatwa kona kwa kasi. Nimewaona vijana waliolipata gari kama hilo wakaanza kuvuka mito iliyofurika kwa sababu lina jina kubwa. Maji yaendayo kasi hulinyanyua gari lolote yakilifikia tumbo, na magurudumu yasiyogusa ardhi hayana fowili.

Kuhusu injini, sikiliza historia ya joto. Dizeli ya lita 3.0 ya Prado hizo, 1KZ, ni mashine ya kazi, lakini ikichemka silinda hedi hupasuka. Ukikuta gari la moto, usilikague siku hiyo. Sema utarudi asubuhi liwashwe likiwa baridi. Fungua kifuniko cha rejeta kabla halijawashwa utazame kama maji yana mafuta. Likishawaka, angalia kama mapovu hayaachi kutoka.

Yupo rafiki yako atakayekushauri uachane na dalali uagize mwenyewe, kwa kuwa mtandaoni muuzaji wa Japani ametangaza punguzo kubwa zaidi. Mwambie akapige hesabu ya kodi. Mamlaka ya Mapato, TRA, ina mfumo wake wa kukadiria thamani ya magari yaliyotumika, haitegemei risiti yako, kwa hiyo punguzo ulilopewa huko halilazimiki kushusha kodi hata shilingi. Juu ya thamani hiyo kuna ushuru wa forodha wa asilimia 25, kuna ushuru wa bidhaa unaopanda kwa ukubwa wa injini, kuna nyongeza ya uchakavu kwa gari lililozeeka, kisha VAT ya asilimia 18 inayotozwa juu ya hayo yote. Injini kubwa kwenye gari kuukuu hukutana na kila kipengele cha orodha hiyo.

Karatasi zisikuchukulie muda mrefu, ila usizikwepe. Taka kadi halisi ya gari, si nakala. Kadi ikiwa benki, gari ni dhamana ya mkopo wa mtu. Namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe, na mwenye jina kwenye kadi ndiye asaini mkataba, si shemeji yake.

Na Ijumaa? Ijumaa ni ya dalali, wewe huna ahadi nayo. Muulize mwenye gari uso kwa uso kwa nini anauza, kisha ulinganishe jibu lake na alichokiona fundi. Yakikubaliana na mzigo unaumudu, lipa na Mungu alibariki. Yasipokubaliana, mwache anunue huyo mtu wa pili unayeambiwa anasubiri.

Ukilinunua, pesa iliyookolewa na punguzo usiigeuze redio wala rimu. Kabla hujapakia gunia hata moja, badilisha oili ya injini, ya giaboksi, ya transfa na ya difu zote, na mkanda wa taimingi ambao hakuna atakayekuthibitishia ulibadilishwa lini.